Joseph Boakye Danquah, Wakili wa Ghana

Utoto na Elimu

Upande wa magharibi wa Afrika iko nchi iitwayo Ghana. Zamani Waingereza waliitawala wakaiita Gold Coast, maana yake Pwani ya Dhahabu, kwa sababu ya dhahabu iliyochimbwa huko tangu kale. Katika nchi hiyo, huko Bepong katika wilaya ya Kwahu, alizaliwa Joseph Boakye Danquah mwezi wa Desemba, mwaka 1895.

Baba yake alikuwa mpiga ngoma mkuu wa mfalme wa Akyem Abuakwa. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima kubwa, maana kwa Waakan ngoma husema: hutaja nasaba za wafalme, huita watu barazani, na kutangaza msiba. Baadaye mzee huyo akaiacha ngoma, akawa mwinjilisti wa misheni ya Basel. Hivyo Joseph alilelewa katika nyumba iliyojua mila za wazee na vitabu vya wageni pia. Akasoma shule ya misheni mjini Kyebi, kisha Begoro, akamaliza masomo yake mwaka 1912.

Mwaka uo huo ndugu yake mkubwa, aliyekuwa mtoto wa baba mmoja naye, alitawazwa kuwa mfalme wa Akyem Abuakwa, akaitwa Nana Ofori Atta. Lakini Joseph hakukaa kwa mfalme kula na kunywa. Alikwenda Accra akawa karani wa wakili mmoja Mwafrika, na mwaka 1914 akapata kazi ya ukarani katika Mahakama Kuu. Kila siku aliona watu wakiingia mahakamani na mashauri yao, wengine wakishinda na wengine wakishindwa, naye akajifunza jambo moja: ya kuwa mtu asiyejua sheria ni kama mtu anayesafiri usiku pasipo taa. Mwaka 1915 ndugu yake akamwita awe katibu wake. Akafanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, akijifunza namna wazee wanavyoamua mashauri na namna mfalme anavyofungwa na desturi za watu wake.

Mwaka 1921 Nana Ofori Atta alimpeleka Uingereza kusoma sheria. Danquah alifanya mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha London akashindwa. Akaufanya mara ya pili, akashindwa tena. Mtu mwingine angalirudi kwao kwa aibu, lakini yeye hakukata tamaa. Akajaribu mara ya tatu, akafaulu. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumzuia. Akasoma falsafa, yaani elimu ya kufikiri na kupambanua mambo, na kwa bidii yake akapewa tuzo iitwayo kwa jina la John Stuart Mill. Mwaka 1926 akakubaliwa kuwa wakili, na mwaka 1927 akapata shahada ya udaktari wa falsafa. Hivyo yule aliyeshindwa mara mbili mlangoni akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa magharibi kuipata shahada hiyo katika vyuo vya Uingereza.

Kazi Yake kwa Nchi Yake

Aliporudi kwao, Danquah alianza kazi ya uwakili. Mwaka 1928 akatoa kitabu kikubwa juu ya sheria na desturi za Waakan na juu ya katiba ya Akyem Abuakwa. Katiba ni sheria kuu inayoeleza jinsi nchi itakavyotawaliwa, nani atakuwa na mamlaka, na mamlaka hayo yatakomea wapi. Watu wengi wa Ulaya siku zile walidhani ya kuwa Waafrika hawakuwa na katiba, kwa kuwa haikuandikwa. Danquah akaonyesha ya kuwa walikuwa nayo. Mfalme wa Waakan hatawali apendavyo. Hana budi kusikiliza shauri la wazee wake, na akivunja kiapo chake watu waweza kumwondoa katika kiti chake. Fikira hiyo, ya kuwa mtawala hufungwa na kiapo alichoapa mbele ya watu, haikumtoka Danquah maisha yake yote. Hata miaka mingi baadaye ilimpeleka mbele ya majaji, kama itakavyoelezwa.

Mwaka 1931 alianzisha gazeti la kila siku mjini Accra. Mwaka 1934 serikali ya Waingereza ilitaka kutunga sheria ya kuwaadhibu watu kwa ajili ya maandishi yaliyohesabiwa kuwa ya uchochezi. Wafalme na wenyeji wakapeleka wajumbe London kupinga, na Danquah akawa katibu wao. Wajumbe hawakupata walilolitaka. Lakini Danquah alibaki London hata mwaka 1936, akisoma vitabu vya kale juu ya Afrika. Akaona habari za dola kuu ya Ghana iliyostawi zamani katika nchi za kusini mwa jangwa la Sahara, akaamini ya kuwa Waakan walitoka huko. Wataalamu wa historia hawakukubaliana naye wote katika jambo hilo. Lakini jina alilolitangaza likawapendeza watu, na nchi ilipopata uhuru ikaliacha jina la Gold Coast ikachukua jina la Ghana.

Aliwatetea pia wakulima wa kakao, ambao mazao yao ndiyo yaliyokuwa utajiri wa nchi. Tena, serikali ya Uingereza ilipopewa shauri la kuweka chuo kikuu kimoja tu kwa makoloni yake yote ya Afrika ya magharibi, na chuo hicho kiwe Nigeria, Danquah alisimama kulipinga shauri hilo. Watu wa Gold Coast wakakubali kutoa fedha zilizotokana na kakao yao, na mwaka 1948 chuo chao wenyewe kikafunguliwa.

Chama cha Saltpond

Mwaka 1947, tarehe 4 Agosti, wenyeji wengi walikutana katika mji wa Saltpond wakaanzisha chama kilichoitwa United Gold Coast Convention. Nia yake ilikuwa kuitoa serikali mikononi mwa Waingereza na kuitia mikononi mwa wenyeji kwa njia ya sheria, tena upesi iwezekanavyo. Danquah alikuwa mmoja wa viongozi wakubwa wa chama hicho. Viongozi wengi walikuwa mawakili na wafanya biashara wenye kazi zao, wakaona wanahitaji katibu atakayefanya kazi ya chama peke yake. Mmoja wao, Ebenezer Ako-Adjei, akawatajia rafiki yake aliyekuwa Uingereza, jina lake Kwame Nkrumah. Wakamwita, naye akafika mwezi wa Desemba mwaka uo huo.

Tarehe 28 Februari 1948 askari waliopigana vita vya Burma waliandamana mjini Accra kumpelekea Gavana malalamiko yao. Polisi wakawapiga risasi, watatu wakafa. Mji ukachafuka, maduka yakachomwa moto, na fujo zikaenea miji mingine. Serikali ikawakamata viongozi sita wa chama, wakiwamo Danquah na Nkrumah, ikawapeleka mbali upande wa kaskazini wa nchi. Hawakupelekwa mahakamani; walizuiliwa kwa amri ya Gavana tu. Watu wa Ghana huwakumbuka hata leo kwa jina la Wale Wakuu Sita.

Walipofunguliwa, Danquah akatiwa katika kamati ya wenyeji iliyotengeneza katiba mpya. Lakini kabla kazi haijaisha, Nkrumah aliachana na wenzake. Mwezi wa Juni 1949 akaanzisha chama chake, Convention People's Party, akadai serikali ya wenyeji papo hapo. Vijana, wachuuzi wa sokoni na wafanya kazi wakamfuata kwa maelfu, maana alijua kusema nao. Danquah alikuwa mtu wa vitabu na hoja. Wengi walikiona chama chake kuwa chama cha wasomi na matajiri. Katika uchaguzi wa mwaka 1951 chama cha Nkrumah kilishinda kabisa. Danquah alipata kiti kimoja katika Baraza, lakini mwaka 1954 akakipoteza, na mwaka 1956 akashindwa tena katika nchi yake mwenyewe ya Akyem Abuakwa.

Tarehe 6 Machi 1957 Ghana ikawa nchi huru, na Nkrumah akawa Waziri Mkuu wake. Furaha ilikuwa kubwa Afrika nzima. Danquah naye, aliyekuwa ameitafuta siku hiyo kwa miaka thelathini, aliiona ikija kwa mkono wa mtu mwingine.

Sheria ya Kuzuia Watu

Serikali mpya ilifanya mambo mengi mema. Ilijenga shule, hospitali, barabara na bandari. Lakini nchi haikuwa na amani kamili. Kabla ya uhuru palikuwa na ugomvi mkali katika nchi ya Ashanti, na watu wa vyama viwili walipigana, nyumba zikalipuliwa na watu wakauawa. Nkrumah na mawaziri wake waliogopa ya kuwa nchi changa itavunjika vipande. Basi mwaka 1958 Bunge likapitisha sheria iliyoipa serikali ruhusa ya kumkamata mtu na kumzuia hata miaka mitano pasipo kumpeleka mahakamani, ikiwa serikali yaona ya kuwa mtu huyo ni hatari kwa nchi. Sheria za namna hiyo zilitungwa baadaye katika nchi nyingine za Afrika pia, na Tanganyika ilikuwa na yake mwaka 1962.

Danquah aliipinga sheria hiyo tangu mwanzo. Hakusema ya kuwa serikali isiwaadhibu wahalifu. Alisema ya kuwa mtu akishitakiwa, na aambiwe kosa lake, na ushahidi uletwe mbele ya jaji, naye apate kujibu. Waingereza walimzuia yeye na Nkrumah pasipo hukumu mwaka 1948, na wote wawili waliona ya kuwa ni udhalimu. Jambo lililokuwa udhalimu mkononi mwa mgeni haliwezi kuwa haki mkononi mwa mwenyeji.

Mwaka 1960 Ghana ilitaka kuwa jamhuri, yaani nchi yenye Rais badala ya Malkia. Wapinzani walimsimamisha Danquah kushindana na Nkrumah katika uchaguzi wa Rais. Alikuwa na miaka 64, na alijua ya kuwa kushinda ni vigumu. Nkrumah akapata kura zaidi ya milioni moja, na Danquah akapata zipatazo 125,000. Tarehe 1 Julai 1960 katiba mpya ikaanza. Ndani yake Rais alitakiwa, anapoingia katika kazi yake, atoe tamko mbele ya watu ya kuwa atashika kanuni kadha wa kadha. Moja katika hizo ni kwamba mtu asinyimwe uhuru wa kusema, wala wa kwenda atakako, wala haki ya kwenda mahakamani, isipokuwa kwa ajili ya usalama na mambo mengine machache yaliyotajwa.

Shauri la Akoto

Mjini Kumasi alikuwako mzee aliyeitwa Baffour Osei Akoto, msemaji mkuu wa mfalme wa Ashanti. Mwezi wa Novemba 1959 yeye na wenzake saba walikamatwa kwa ile sheria ya kuzuia watu. Danquah akakubali kuwatetea. Aliwaombea ile amri ya kale ya mahakama inayomlazimu mfungaji kumleta mfungwa mbele ya jaji na kueleza kwa nini amemfunga. Mahakama ya kwanza ikakataa, na shauri likapanda hata Mahakama Kuu kupita zote. Likaamuliwa mwaka 1961.

Danquah aliwaletea majaji hoja zake. Kwanza, alisema ya kuwa haitoshi waziri kusema tu kwamba mtu ni hatari. Mahakama iangalie kama neno hilo ni kweli. Pili, alisema ya kuwa Rais ametoa tamko la kulinda uhuru wa watu, na tamko hilo liko ndani ya katiba. Kwa hiyo sheria inayomfunga mtu pasipo hukumu haipatani na katiba, wala haina nguvu.

Majaji walikuwa watatu, na hukumu yao ilikuwa moja. Walisema ya kuwa sheria imempa serikali uwezo huo, na mahakama haiwezi kuchunguza sababu zake. Juu ya tamko la Rais walisema ya kuwa ni kama kiapo cha mfalme wa Uingereza anapovikwa taji: ni deni la moyoni, si sheria ambayo mahakama yaweza kumshurutisha mtu kuishika. Na kama Rais hatimizi aliyoyatamka, dawa ya watu ni kura zao. Na wamwondoe wakati wa uchaguzi. Basi Akoto na wenzake wakabaki gerezani.

Hukumu hiyo yafaa kufikiriwa sana. Mtu akiahidiwa haki katika hati, na pasiwepo mlango wa kubisha anaponyang'anywa, je, anayo haki hiyo? Kwa Waakan wa kale mfalme aliyevunja kiapo aliweza kuitwa barazani akajibu. Danquah alitaka Rais wa nchi mpya naye afungwe na kiapo kama wafalme wa kale walivyofungwa. Majaji waliwaachia watu njia moja tu, njia ya kura. Haikupita miaka mitatu njia hiyo nayo ikazibwa.

Kifungo na Kifo

Mwezi wa Septemba 1961 wafanya kazi wa reli na bandari katika miji ya Sekondi na Takoradi waligoma kwa sababu ya kodi mpya. Serikali ikasema ya kuwa wapinzani ndio waliowachochea. Tarehe 3 Oktoba Danquah akakamatwa kwa sheria ile ile aliyoipinga mahakamani. Akafunguliwa mwezi wa Juni 1962. Wengi wangalimshauri akimbilie nchi nyingine, kama wenzake wengine walivyofanya. Yeye akabaki, akarudia kazi yake ya uwakili, na mawakili wenzake wakamchagua kuwa mkuu wa chama chao.

Mambo ya nchi yakazidi kuwa mazito. Mwezi wa Agosti 1962 bomu lilitupwa kumwua Nkrumah katika kijiji cha Kulungugu. Yeye akapona, lakini wengine wakaumia. Hofu yake ikawa kubwa. Ako-Adjei, yule aliyemwita kutoka Uingereza na aliyekuwa waziri wake, akakamatwa pamoja na wengine wawili. Obetsebi-Lamptey, mwingine katika Wale Wakuu Sita, akafa mwaka 1963 akiwa kizuizini. Mwezi wa Desemba 1963 mahakama iliona ya kuwa Ako-Adjei na wenzake wawili hawana hatia. Nkrumah akamwondoa Jaji Mkuu katika kazi yake, na wale walioachiliwa na mahakama hawakutoka gerezani.

Tarehe 2 Januari 1964 polisi mmoja alimpigia Nkrumah risasi katika nyumba yake, akamkosa, akamwua mlinzi wake. Tarehe 8 Danquah akakamatwa mara ya pili. Hakushitakiwa wala hakuhukumiwa. Mwisho wa mwezi huo watu waliitwa kupiga kura, ikatangazwa ya kuwa karibu wote wamekubali nchi iwe na chama kimoja tu, na Rais awe na uwezo wa kuwaondoa majaji. Mwaka uliofuata wagombea wote wa Bunge walikuwa wa chama hicho kimoja, wakatangazwa kuwa wamechaguliwa pasipo kupingwa. Hivyo ile dawa ambayo majaji waliwaambia watu waitumie haikuwako tena.

Danquah alitiwa katika gereza la Nsawam, kaskazini ya Accra. Alikuwa na miaka 68, na mwili wake haukuwa na afya. Alifungiwa katika chumba kidogo, akalala sakafuni. Akamwandikia Rais barua ndefu akimweleza hali yake na kumwomba amfungue. Katika barua hizo hakumtukana. Alimkumbusha siku zile walipofungwa pamoja na Waingereza, ambao ijapokuwa walikuwa watawala wa kigeni, hawakuwatendea hivyo. Barua hazikumfungua. Tarehe 4 Februari 1965, asubuhi, moyo wake ulisimama, akafa gerezani. Alikuwa na miaka 69.

Yaliyobaki Nyuma Yake

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 24 Februari 1966, askari walimwondoa Nkrumah katika utawala alipokuwa safarini, na mamia ya watu waliozuiliwa wakafunguliwa. Nkrumah hakurudi tena Ghana akiwa hai. Akafa ugenini mwaka 1972. Watu wa Ghana wamewasamehe wote wawili makosa yao, na huwakumbuka kwa heshima, ingawa hawaachi kubishana ni nani aliyekuwa na haki zaidi. Mjini Accra iko njia panda kubwa yenye sanamu ya Danquah, na tangu mwaka 1968 wataalamu wa nchi hiyo wametoa hotuba za kila mwaka kwa ukumbusho wake.

Lakini ukumbusho mkubwa zaidi si wa mawe. Ghana ilipitia miaka mingi ya utawala wa askari, na katiba zikatungwa na kuvunjwa. Hata mwaka 1992 watu wakaikubali katiba mpya. Waliotunga katiba hiyo walilikumbuka shauri la Akoto. Hawakuziacha haki za watu ziwe tamko la Rais peke yake. Waliandika ya kuwa mtu yeyote akiona haki yake imevunjwa, aweza kwenda mbele ya Mahakama Kuu akataka irudishwe, na mahakama ina uwezo wa kuamuru. Mlango ambao Danquah aliubisha mwaka 1961 usifunguliwe, sasa umewekwa wazi katika sheria.

Danquah alishindwa mara nyingi. Alishindwa katika mitihani, katika uchaguzi wa Bunge, katika uchaguzi wa Rais, na katika shauri lake kubwa kuliko yote. Yule aliyemkaribisha katika chama akawa mtawala aliyemfunga. Hata hivyo hakuacha kutumia njia ya sheria, wala hakusema ya kuwa njia hiyo ni bure kwa sababu haikumfaa yeye. Mitihani aliyoshindwa mara mbili aliishinda mwenyewe. Shauri aliloshindwa walikuja kulishinda wengine, miaka 27 baada ya yeye kuzikwa.